Zamu ya Thuraya

Kaniachia kitabu
marehemu wangu babu,
cha maji na zake tabu,
hapa Iziki mjini.

Si kitabu cha hadithi,
ni cha zamu na mirathi:
nani auze, arithi
nusu saa ya bondeni.

Maji yatoka mlima,
falaji haijakoma;
kwa kivuli tunapima,
usiku nyota angani.

Zamu moja haiuzwi,
haikopwi, haitozwi,
kwa hila haipunguzwi:
ya Thuraya, wa zamani.

Thuraya binti Muhana.
Baba hakuwa na mwana
wa kiume, ndipo bwana
kampandisha ngomeni.

Ana saba, kibogoyo,
hesabu azipa moyo:
nyota ile, zamu hiyo,
hutamka ndotoni.

Ghasani alimuoa,
kijana mtunza ndoa;
homa ikaja mng'oa,
kichanga ki mgongoni.

Na baba, mwaka wa pili,
kafa kwa baridi kali.
Wazee wakajadili
funguo apewe nani.

"Mwanamke?" Wakacheka.
"Atafunga kwa kusuka?
Ngome itapukutika.
Na aozwe kwa jirani."

Jirani ni Muzahimu,
mwenye farasi na sumu
ya ulimi, na hukumu
yake imo kiganjani.

Kofi la kwanza la ndoa
kalipokea, kapoa;
la pili lilimtoa
kipini chake puani.

"Funguo," kasema, "ziko?
Nipe, mimi mume wako."
Naye kakoroga mwiko,
macho kayatia chini.

Usiku ule wa kiza
mwana kambembeleza,
gunia unga kajaza,
funguo zimo ungani.

Mlinzi kamkagua,
mkono akachafua,
chafya zikamsumbua,
kamwacha, kenda njiani.

Alfajiri yu Iziki,
kafika hatambuliki,
vumbi na unga lukuki,
kama jini la jangwani.

Wazee akawaita,
unga wote akapeta,
funguo zote kavuta,
kazipanga mkekani.

"Nani ajua milango?
Huu wa wapi? Wa pango?"
Kimya. Hata cha uongo
hakikutoka kinywani.

Ndivyo alivyotawala,
bila tarumbeta wala
taji; kaketi mahala
pa baba, palipo chini.

Muzahimu akazuka,
hema mia akaweka,
mferejini kuteka
maji yetu ya bondeni.

"Ziba!" Thuraya kanena.
"Kuna wakulima, mwana,
mitende yao, na tena
kiangazi ki njiani."

Kaziba. Siku ya sita
farasi wafa kwa nyota,
jeshi likaacha vita,
kimya kimya, mchangani.

Mjini wapiga ngoma;
yeye akatoka nyuma,
kashuka kwenda tazama
mitende ya masikini.

Makuti yamekunjana,
shada la tende hakuna.
Bibi kizee kanena
akiwa kitako chini:

"Mumeo alikupiga,
nasi hatukukupiga;
mbona limetuvuruga
kofi lako la usoni?"

Jibu lake halikuja.
Usiku kafika mja
na kitabu, akataja
zamu yake ya ngomeni:

"Tangu Thuraya kuzuka
hadi nyingine kufika,
ni yenu mwaka kwa mwaka,
ninyi na wenu tumboni."

Yule bibi hakungoja
tende hata punje moja;
alikufa haijaja,
kazikwa mle shambani.

Miaka kumi na saba
kashika hicho kibaba.
Mwanawe, ndevu si haba,
kamjia barazani:

"Mama, nipe nizilinde
funguo, nami nipande;
wewe lala, ule tende."
Kasema, "Nenda ukande
unga ule guniani."

Kakanda hadi kiwiko,
jasho na manung'uniko,
akagusa chuma huko
ndani kabisa, tumboni.

Mambo mengine sijui.
Kaburi hawatambui,
ngome ni ya buibui
na popo wa mapaani.

Jana, usiku baridi,
simu nikaikaidi,
kungoja yake ahadi
itokee mlimani.

Kilimia tuliita
Unguja; huku hupita
kwa jina lake. Nikakita
jembe, nikatoa majani.

Yakashuka maji hayo
polepole, bila mbiyo,
yakagusa wangu wayo,
kisha yakenda gizani.